F-14 Tomcat ya pale Udvar-Hazy: kwa nini Marekani waliistaafisha mapema hivi?

Msafiri wa Kigamboni (#1)

Wakuu salaam. Naishi huku Virginia, na wiki iliyopita nilikuwa na wanangu pale Udvar-Hazy, lile tawi la makumbusho ya anga ya Smithsonian lililoko Chantilly, jirani na uwanja wa Dulles. Kuingia bure, unalipia maegesho tu. Ndani kuna Concorde, SR-71, chombo cha anga za juu Discovery, hata ile Enola Gay iliyoangusha bomu Hiroshima. Vyote nimeviona, lakini kilichonigandisha ni F-14D Tomcat, ndege ya kivita ya jeshi la majini la Marekani.

Picha zinaidhulumu. Ina urefu wa mita 19, na mabawa yakitanuliwa yote ni mita 19 na nusu kutoka ncha hadi ncha. Ukisogea karibu unaona mara moja kwamba hii imejengwa kwa ajili ya kupigizwa juu ya meli. Mguu wa mbele ni mnene, una magurudumu mawili, na mbele yake kuna chuma cha kunasia kwenye manati ya meli wakati wa kuruka. Nyuma, kati ya injini mbili, kuna ndoano ya kudakia waya wakati wa kutua. Chini ya pua kuna vifuko viwili ubavu kwa ubavu, kimoja cha kamera, kingine cha kunusa joto la ndege ya adui.

Namba yake ni 159610. Ndege hiyohiyo ndiyo iliyotungua MiG-23 ya Libya tarehe 4 Januari 1989, ikiwa F-14D ya kisasa kabisa.

Sasa swali langu. Ndege inayopita mara mbili ya kasi ya sauti, rada yake inafuatilia shabaha 24 kwa mpigo na kurushia sita kati ya hizo, inastaafishwaje Septemba 2006? F-15 ya umri wake bado inaruka. B-52 za mwanzoni mwa miaka ya 60 bado zinaruka. Mimi naamini ni siasa tu. Wajuzi karibuni.

FundiSpana (#2)

Si siasa mkuu, ni spana. Mimi ni fundi wa ndege, na nakwambia hakuna mkurugenzi wa matengenezo anayeweza kuipenda ndege hii. Saa zinazotajwa kwa Tomcat ni kama 40 hadi 60 za kazi ya mafundi kwa kila saa moja hewani. Mabawa yanayosogea yana injini zake za haidroliki, skurubu zake, mabomba yake, na vyote hivyo vinakaa kwenye chumvi miezi sita mfululizo. Hornet, ndege nyingine ya kivita ya melini, ilihitaji sehemu ndogo tu ya saa hizo. Kwenye meli huna nafasi ya kuongeza mafundi wala stoo ya vipuri. Hesabu imeisha hapo.

Kisiki cha Mpingo (#3)

Mleta mada, kuna mahali pa kurekebisha. Mwaka 1989 ndege hiyo haikuwa F-14D. Ilikuwa F-14A, ya kikosi VF-32, ikiruka kutoka manowari John F. Kennedy. Ikaja kugeuzwa baadaye kuwa D. Zile D mpya toka kiwandani zilikuwa 37 tu, na nyingine 18 ni A zilizogeuzwa, hiyo uliyoiona ikiwemo.

Na hapo ndipo siasa inapoingia, FundiSpana. Kwa nini 37 tu? Kwa sababu mwaka 1989 waziri wa ulinzi Dick Cheney alikata uzalishaji. Kampuni ya Grumman pale Long Island ilikuwa inaishi kwa ndege hii. Ilipokatwa, kampuni ikadhoofika, na mwaka 1994 ikanunuliwa na Northrop. Hizo saa 60 za matengenezo nyingi ni za ndege kuukuu za aina A. Wangeendelea kutengeneza D mpya, hesabu yako ingekuwa nyingine.

Sangara wa Kirumba (#4)

Mmetaja Libya nikashtuka. Sisi watu wa Mwanza tuna kumbukumbu yetu na ndege za Gaddafi. Vita ya Kagera, Machi 1979, ndege ya Tu-22 ya Libya ilikuja kupiga Mwanza ili kumsaidia Amin. Ikakosa mji, mzigo ukaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Marehemu baba alikuwa akisimulia ule mshindo mpaka anakufa.

Kumbe F-14 ilitengenezwa kwa ajili ya Tu-22? Nimesoma mahali kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kuzizuia hizo. Basi kama ni hivyo sisi tulikuwa na adui mmoja na Wamarekani bila kujua.

Kisiki cha Mpingo (#5)

Sangara, jina ni moja lakini ndege ni mbili. Iliyokuja Mwanza ni Tu-22 ya zamani, injini zake zimekaa juu ya mkia. Iliyowanyima usingizi Wamarekani ni Tu-22M, ambayo NATO waliiita Backfire, nayo ina mabawa ya kusogea. Ziliazima namba tu.

Lakini hoja yako ina uzito. Kazi ya F-14 ilikuwa kwenda mbali, mamia ya kilomita kutoka melini, kusubiri makundi ya ndege za Kisovieti kabla hazijarusha makombora yao kwa manowari. Ndiyo maana ikapewa kombora la Phoenix, linalofika zaidi ya kilomita 150. Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika, na kazi yenyewe ikaondoka nao. Mimi naweka hilo mbele ya spana.

Mpiga Debe Mstaafu (#6)

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni wakuu.

Nahodha wa Likoni (#7)

Vijana, shikamooni hamnipi lakini nitachangia vivyo hivyo. Mwaka 1980 Kenya ilitiliana sahihi na Marekani mkataba wa kutumia bandari na viwanja vyetu. Shah wa Iran alikuwa ameanguka, Warusi wameingia Afghanistan, Wamarekani wanatafuta pa kutia nanga Bahari ya Hindi. Basi manowari zikawa zinakuja Mombasa kupumzisha watu. Zile kubwa za kubeba ndege zinakaa nje, mabaharia wanaletwa kwa mashua. Moi Avenue usiku ilikuwa haina nafasi ya kupitisha mguu. Mimi nilikuwa natembeza vinyago, na mabaharia wawili watatu walinionyesha picha za ndege zao. Yenye mikia miwili na paka amechorwa ubavuni naikumbuka mpaka leo.

Wapwani hatukuiona makumbusho. Ilikuwa hapo nje ya mlango.

Binti Saadani (#8)

Shikamoo Nahodha. Tupe na picha kama zipo.

Nami naongeza: Desemba 1992 manowari Ranger ilikuwa nje ya Mogadishu kusaidia majeshi yaliyoingia Somalia, na ndani yake kulikuwa na vikosi vya F-14, VF-1 na VF-2. Hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kabisa kwenda baharini na Tomcat mwaka 1974, juu ya Enterprise, na Aprili 1975 vikawa juu ya Saigon siku Wamarekani wanahamishwa. Kwa hiyo ndege hii imefika kwetu, pande hizi za Afrika, wakati wa kazi.

Kodi_Safi (#9)

Mimi ni mtu wa kompyuta, ya vita siyawezi. Nina swali dogo: yale mabawa rubani anayasogeza mwenyewe kwa mkono au vipi?

FundiSpana (#10)

Swali la maana. Anaweza kwa mkono, ila kwa kawaida kompyuta ndiyo inayoyasogeza kulingana na kasi. Ukienda polepole yanafunguka mpaka nyuzi 20, ukikimbia yanarudi nyuma mpaka 68. Melini wakiegesha wanayarudisha mpaka 75, yanapanda juu ya mkia, ndege inachukua nafasi ndogo.

Na kwa kuwa wewe ni wa kompyuta, tafuta habari za chipu zinaitwa MP944. Zilibuniwa kati ya 1968 na 1970, Ray Holt na Steve Geller wakiwa miongoni mwa wabunifu, kwa ajili ya kompyuta ya F-14 inayopokea mgandamizo wa hewa na kupiga hesabu ya kasi na kimo. Jeshi lilizifanya siri mpaka 1998. Hiyo ndiyo maikroprosesa ya kwanza duniani, kabla ya Intel 4004 ya mwaka 1971.

Kodi_Safi (#11)

Nimesoma usiku mzima. Fundi, nakupinga kwa heshima. MP944 ni seti ya chipu kadhaa zinazogawana kazi. Intel 4004 iliweka kichwa chote cha hesabu kwenye chipu moja, na ikauzwa madukani. Ukisema kompyuta ya kwanza ya aina yake kuruka, nakubali. Ukisema maikroprosesa ya kwanza, hapo tutakesha. Ila kwa watu waliofanya kazi bila hata kuruhusiwa kuwasimulia wenzao kwa karibu miaka 30, natoa kofia.

Mkaanga Chipsi (#12)

Uzi wa ndege umegeuka uzi wa chipsi. Karibuni kwangu.

Dada wa Angani (#13)

Mmesahau injini. F-14A ilipewa TF30, ambayo haikuwa ya ndege ya kupigana. Rubani akikata kona kali au akicheza na mafuta ghafla, hewa inayoingia inavurugika, injini inapaliwa. Na kwa kuwa injini mbili zimeachana karibu mita tatu, moja ikizima ndege inajizungusha. John Lehman, akiwa waziri wa jeshi la majini, aliliambia Bunge mwaka 1984 kwamba kuziunganisha injini ile na ndege ile ni moja ya ndoa mbaya walizowahi kufunga. Dawa ilikuja na injini ya F110 kwenye aina B na D. Kwa hiyo Msafiri, ukiitazama hiyo ya Chantilly unatazama ndege ambayo ilishaponywa.

Naandika haya nikiwa mwanafunzi wa urubani, na nina jina moja moyoni: Kara Hultgreen, miongoni mwa wanawake wa kwanza kurusha ndege za kivita kutoka manowari. Tarehe 25 Oktoba 1994 alikuwa anakuja kutua Abraham Lincoln, injini ya kushoto ikazima. Mwenzake wa kiti cha nyuma alijirusha kwanza akapona. Sekunde isiyofika moja baadaye ndege ilikuwa imeshalala, Kara akarushwa kuelekea majini. Ripoti mbili za jeshi hazikusema sawa, moja ikaweka uzito kwa injini, nyingine kwa rubani. Watu waliokuwa hawataki wanawake kwenye kiti kile waliishika ile ya pili. Mimi nasema mpeni mwanamume yeyote ndege ileile, kasi ileile, kimo kilekile, kisha tuongee.

FundiSpana (#14)

Dada, nakuunga mkono. TF30 iliua wengi ambao hakuna aliyeuliza jinsia yao. Na haidroliki nayo haikuwa nyuma: ndege ya kwanza kabisa iliruka 21 Desemba 1970, na tarehe 30 mwezi huohuo ikaanguka, mabomba ya haidroliki yamepasuka. Marubani walijirusha wakapona.

Mswahili wa Muscat (#15)

Assalaam aleikum. Mnaijadili kama marehemu, na hapa ng'ambo ya maji kwetu kuna jirani aliyeendelea kuirusha miaka yote hii. Iran.

Shah aliagiza 80 na kupokea 79 kabla ya mapinduzi ya 1979. MiG-25 za Kisovieti zilikuwa zinapita juu ya nchi yake bila kuguswa, akataka kitu cha kuzifikia. Na mjue hili: mwaka 1974 Grumman ilikuwa taabani kifedha, na benki ya Melli ya Iran ikaikopesha dola milioni 75. Bila pesa ya Tehran sijui kama Wamarekani wenyewe wangepata Tomcat za kutosha. Vita na Iraq vilipoanza 1980, Phoenix zikatumika kwelikweli. Idadi ya ndege zilizotunguliwa kila upande una yake. Lakini Wamarekani wao, Phoenix walizorusha Iraq mwaka 1999 zote zilikosa.

Kwa hiyo swali la Msafiri jibu lake liko huku. Walizistaafisha na kuzisaga ili vipuri visivuke Ghuba.

Kisiki cha Mpingo (#16)

Mswahili, kusaga na kustaafisha ni mambo mawili. Zilistaafishwa 2006. Pentagon ilisimamisha uuzaji wa vipuri vya F-14 mwaka 2007, baada ya kubainika kwamba vinapenya minada ya mali za jeshi na kutafutwa na mawakala wa Iran. Kisha sheria ikafuata. Zilizokuwa zimelala jangwani Tucson, Arizona, zikapitishwa kwenye mashine na kuwa vyuma chakavu. Hiyo inaeleza kwa nini zimebaki chache. Haielezi kwa nini zilitolewa kazini.

Mswahili wa Muscat (#17)

Inaeleza kwa nini hawakuziuzia nchi nyingine wala kuziweka akiba, kama walivyofanya kwa ndege nyingine nyingi. Hofu ya ndege hii kuangukia mikono mingine ni ya zamani. Septemba 1976 moja ilijiburuza yenyewe ikaanguka kutoka John F. Kennedy karibu na Scotland, ikiwa na Phoenix. Marubani walipona. Marekani walihangaika kwa wiki kadhaa mpaka wakaitoa chini ya bahari, kwa kuogopa Warusi wasiwatangulie. Ndege moja tu hiyo.

Sangara wa Kirumba (#18)

Turudi 1989. Hiyo ndege ina alama ya ushindi, sawa. Ila nani alianza? Tulikuwa tunasikia redioni kwamba Walibya hawakuwa na silaha.

Binti Saadani (#19)

Libya walisema zilikuwa ndege za upelelezi zisizo na silaha. Marekani wakapeleka Umoja wa Mataifa picha kutoka kamera ya ndege zao, zikionyesha makombora kwenye MiG. Kamera yenyewe ni ya aina ileile inayokaa chini ya pua, aliyoitaja Msafiri. Hata hivyo kuwa na kombora si kulirusha, na MiG zile hazikurusha chochote. Wamarekani wanasema waligeuka kando mara kadhaa na kila mara MiG zikageuka kuwafuata. Wengine wakajibu kwamba kugeuka kumwelekea mgeni aliye karibu na pwani yako ndiyo kazi ya ndege ya ulinzi. Tarehe 11 Januari 1989 Baraza la Usalama lilitaka kulaani tukio, Marekani, Uingereza na Ufaransa wakapiga kura ya turufu. Mimi niko na hao wengine. Kipindi kile Washington ilikuwa inazungumza waziwazi juu ya kiwanda cha Rabta cha Libya, walichodai ni cha silaha za kemikali, kila mtu kidole kiko kwenye kifyatulio.

Kisiki cha Mpingo (#20)

Kwa wanaoita tukio hilo Ghuba ya Sidra: ya Sidra ni ya 19 Agosti 1981, F-14 mbili kutoka Nimitz zilipotungua Su-22 mbili, na pale Su-22 ndiyo iliyorusha kwanza. Ya 1989 ilikuwa upande wa Tobruk, mbali na Sidra. Na 159610 haikutungua kwa Phoenix wala kwa Sparrow. Ilirusha Sparrow mbili zikakosa, mwenzake akaipiga MiG ya kwanza, ndipo hii ikasogea na kuipiga ya pili kwa Sidewinder, kombora la karibu. Miavuli miwili ilionekana ikishuka.

Sangara wa Kirumba (#21)

Asante Binti, asante Kisiki. Hata hivyo mimi huruma kwa Gaddafi wa miaka ile sina. Kisiwa cha Saanane kiko palepale.

Msafiri wa Kigamboni (#22)

Nashukuru wote. Lakini bado sijashawishika na spana. Oktoba 2001 vita ya Afghanistan ilipoanza, manowari ziko Bahari ya Arabu na shabaha ziko zaidi ya kilomita elfu moja ndani ya nchi kavu. Nani aliyekuwa anafika na kuwaelekezea wengine mabomu kwa leza? Tomcat. Tarehe 8 Februari 2006 bado ilikuwa inadondosha bomu Iraq. Miezi saba baadaye, kwaheri. Super Hornet iliyokuja mahali pake haifiki mbali kama yeye bila kunyonyeshwa mafuta hewani. Sasa hivi jeshi hilohilo linahangaika kutafuta umbali ule, maana China ina makombora yanayosukuma manowari nje.

FundiSpana (#23)

Na kila safari moja ya hizo, kuna vijana wa miaka 19 usiku kucha chini ya tumbo la ndege, mafuta ya haidroliki yanawadondokea usoni. Umbali ni mzuri kwa ndege inayoruka. Super Hornet tatu zilizo tayari asubuhi ni bora kuliko Tomcat nne ambazo mbili hazijawaka.

Dada wa Angani (#24)

Fundi unaongelea A kuukuu, Msafiri anaongelea D. Hamtakutana.

Mkaanga Chipsi (#25)

Mimi mwezi ujao nipo New York kwa ndugu. Nimesikia iko nyingine juu ya ile manowari Intrepid, pale Manhattan. Si kwamba zilikuwa zinaruka kutoka hapo?

Binti Saadani (#26)

Hapana, Intrepid ilistaafu 1974, mwaka uleule Tomcat inaanza safari za baharini. Iliyoko pale ni ya saba kutengenezwa, iliyotumika baadaye kujaribia F-14D. Ukipata muda panda treni uende Long Island, Cradle of Aviation, kuna ya tatu. Huko ndiko zilikozaliwa, na baadhi ya wazee wanaotembeza wageni waliwahi kufanya kazi Grumman. Waulize wao habari za Cheney.

FundiSpana (#27)

Ukifika, simama pembeni mahali bawa linapoingia mwilini. Kuna mifuko inayojazwa hewa kuziba ule mwanya bawa linapoteleza. Ipige picha ya karibu uiweke hapa, kisha tuendelee na hesabu ya saa za mafundi.